Simu Inayoamka Yenyewe Mfukoni: Soma Kabla Hujanunua Betri Nyingine

Mama mmoja anayeuza dagaa na migebuka pale Kibirizi alikuja kibandani kwangu Mwanga, Kigoma mjini, saa saba mchana, ameishika simu yake kama mtu aliyeshika kiazi kilichotoka jikoni. "Fundi, hebu ishike mwenyewe. Betri hii nimenunua mwezi uliopita, na ni ya pili. Asubuhi natoka imejaa, adhuhuri inaomba chaji. Wala simpigii mtu."

Ilikuwa ya moto kweli. Ilikuwa imebakiza asilimia tisa, na tochi yake inawaka mchana kweupe. Nikamuuliza anaiweka wapi akiwa kazini. Akagusa kifua upande wa kushoto: ndani ya blauzi, imebanwa na sidiria, kama wafanyavyo kina mama wengi wa sokoni ambao mikono yao inashika samaki na fedha kutwa nzima. Nikafungua ukurasa wa matumizi ya betri kwenye setingi. Kioo kilikuwa kimewaka zaidi ya saa tatu tangu alfajiri. Nikafungua picha. Nilikuta picha kumi na moja za asubuhi ile, zote nyeusi tii, na ya kumi na mbili yenye wekundu hafifu, mwanga wa jua uliopenya kitambaa.

Betri ilikuwa nzima kabisa.

Naliandika jambo hili kwa urefu kwa sababu kila wiki naona watu wakitoa fedha ya betri, tena betri za kubahatisha, kwa tatizo ambalo betri haihusiki nalo. Ugumu wake ni kwamba simu kuisha chaji mfukoni si jambo moja. Kuna kinachoiamsha, kuna kinachoigusa ikishaamka, na kuna kinachokula chaji. Watu huyafunga yote pamoja na kuyaita "betri mbovu". Ukiyafungua, mengi hayahitaji hata fundi.

Nini kinaiamsha

Simu za zamani za vitufe ziliamka kwa kubonyezwa, basi, na ndiyo maana kulikuwa na kufunga vitufe. Simu za leo zina milango mingi ya kuamkia. Batani ya kuwashia bado ipo, na suruali inayobana ukiwa umekaa nyuma ya bodaboda inaibonyeza bila shida. Ujumbe ukiingia, kioo huwaka. Halafu kuna kuamka kwa kuinuliwa: ndani ya simu kuna kipande kidogo kinachopima mwendo na mvuto wa dunia, nacho kikiona simu imetoka kulala na kuja kusimama, kinaamini mwenyewe ameichukua aitazame. Apple waliileta kwenye iPhone mwaka 2016 kupitia iOS 10, toleo la mfumo unaoendesha simu zao, na simu nyingi za Android zina kitu cha aina hiyo. Mtu anayeinama kupima dagaa na kuinuka mara mia kwa siku anaipa simu yake sababu mia za kuamka.

Mlango ninaoulaumu kuliko yote ni ule wa kugonga kioo mara mbili. Nokia N9 ya mwaka 2011 ilikuwa nao, LG wakaupa umaarufu kwa simu yao ya G2 mwaka 2013, na leo hadi simu za bei ya chini zinao. Ili simu iweze kukusikia ukigonga, ile sehemu ya kioo inayohisi mguso lazima ibaki macho hata kama taa yake imezimika. Kwa hiyo kioo cheusi si kioo kilicholala. Kinasubiri, na mfukoni kinachokigonga ni paja.

Zile picha nyeusi nazo zina maelezo. Simu nyingi za Android hufungua kamera ukibonyeza batani ya kuwashia mara mbili haraka, hata kama imefungwa kwa namba ya siri. Kamera ikiwa wazi, batani za sauti hugeuka kuwa za kupigia picha. Simu iliyobanwa ubavuni mwa mtu anayenyanyua ndoo ina batani zote hizo upande mmoja, zikibonyezwa pamoja. Na kamera ni miongoni mwa vitu vinavyokula chaji kwa kasi kubwa kwenye simu.

Kioo kinahisi nini hasa

Wengi wanadhani kioo cha simu kinahisi kubonyezwa. Kuna vioo vya zamani vilivyokuwa hivyo, vile ulivyolazimika kuvikandamiza kwa ukucha. Vya sasa ni tofauti. Chini ya kioo kuna wavu wa mistari myembamba usioonekana, kwa kawaida wa oksaidi ya indiamu na bati, wenye chaji ndogo ya umeme. Mwili wa binadamu una maji na chumvi, na vitu hivyo hupitisha umeme. Kidole kikikaribia, kinavuta sehemu ya chaji ile. Simu inapima wavu wake makumi ya mara kwa sekunde na kutambua ni makutano yapi yamebadilika. Hakihitajiki kishindo, wala si lazima ngozi iguse kioo. Kinachohitajika ni mwili ulio karibu.

Jaribu nyumbani. Chukua leso kavu, nyembamba, itandike juu ya kioo kinachowaka, uguse kupitia hiyo leso. Simu nyingi zitaitika. Ikunje mara nne, uguse tena: kwa kawaida kimya. Sasa ilowanishe, uikamue, uishike mkononi na kuigusisha kwenye kioo hata kwa pembe tu. Kioo kinachanganyikiwa, kinafungua vitu hapa na pale, kwa sababu kitambaa chenye maji kilichoshikwa na mwili kimekuwa sehemu ya mwili. Hicho ndicho kinachotokea mfukoni. Kitambaa cha jinzi ni kinene, lakini kile cha mfuko wa ndani, kinachokaa kati ya simu na paja, ni chepesi kama shuka la zamani. Asubuhi kikiwa kikavu simu inatulia. Saa tano, jasho likishaingia, inaanza kujichezea. Wateja huniambia "inaanza vizuri kisha inaharibika mchana", na mimi sasa nawauliza kwanza habari za jasho kabla ya kushika bisibisi.

Ndani ya blauzi hakuna hata kitambaa cha kutenganisha. Kioo kinakaa juu ya ngozi yenyewe.

Funguo na sarafu husingiziwa bure kwa upande wa mguso. Kipande cha chuma kisichounganika na mwili kwa kawaida hakivuti chaji ya kutosha kukihadaa kioo. Kosa lao ni kukwaruza na kubonyeza batani.

Kuna jambo jingine ambalo watu hujifanyia wenyewe, na wakati mwingine tunawafanyia sisi mafundi. Mteja anaweka protekta nene ya kioo, anaona mguso umekuwa mzito, basi anaingia kwenye setingi na kuwasha ile sehemu ya kuongeza usikivu wa kioo. Baadaye protekta inapasuka, anaitoa, setingi inabaki. Kuanzia hapo kioo kinasikia hadi kupitia vitambaa viwili. Nimezizima setingi hizi kwenye simu nyingi kuliko nilivyobadilisha betri, na ninaomba fundi mwenzangu anayeiwasha amwambie mteja ameiwasha.

Jicho lililo juu ya kioo

Watengenezaji wanalijua tatizo hili na wameweka kinga. Karibu na spika ya sikioni simu nyingi zina sensa ya ukaribu: taa ndogo ya mwanga usioonekana kwa macho na kipokezi chake. Mwanga ukitoka na kurudi mara moja, maana yake kuna kitu mbele. Iliwekwa ili kioo kizimike unapoweka simu sikioni, lakini ndiyo hiyo hiyo inayotumiwa na kinga ya mfukoni. Ikiwashwa, simu inapotaka kuamka huuliza jicho kwanza. Jicho likisema limefunikwa, kioo hakiwaki au kinakataa mguso. Samsung wameiweka kwenye mambo ya kioo, Xiaomi wameiweka kwenye mambo ya kufunga kioo, na wengine huiweka wanapojua wao. Njia rahisi ni kufungua kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya setingi na kuandika neno "pocket" au "touch", ikiwa simu yako inatumia Kiingereza, uone kinacholetwa.

Kuiwasha tu hakutoshi kama jicho lenyewe haliko sawa. Protekta nyingi zina ukingo mweusi, na zikikatwa kwa simu ya aina nyingine ukingo ule unakaa juu ya sensa. Mafuta ya samaki na vumbi huziba pia. Jicho lililofunikwa muda wote ni tatizo la aina yake, kwani simu itakataa kuwaka hata mkononi, na mtu akichoka anaizima kinga yote. Simu nyingine za bei nafuu hazina sensa halisi. Hukisia kwa kutumia mwendo na mguso, au kwa sauti isiyosikika inayotoka kwenye spika. Kukisia huko husaidia sikioni, mfukoni hubahatisha. Namna ya kupima ni nyepesi: piga simu kwa mtu, kisha funika sehemu ya juu ya kioo kwa kiganja bila kukigusa. Kioo kizime, na ukitoa mkono kiwake. Kisipofanya hivyo, anza na protekta.

Mahali pa kuweka simu pana uzito kuliko watu wanavyofikiri. Mfuko wa shati ni mfupi, na simu za siku hizi ni ndefu. Kichwa cha simu kinachungulia nje, jicho linaona hewa tupu, kinga inaamini simu iko wazi, huku nusu ya chini ya kioo imebanwa kwenye kifua chenye jasho. Igeuze, kichwa chini. Kwa suruali, kioo kikitazama nje kinakuwa mbali na paja na miguso hupungua sana, ingawa kioo hicho ndicho kitakachopokea kishindo ukigonga meza. Mimi huelekeza kioo nje nikiwa natembea, na nikipanda bodaboda naihamishia kwenye begi.

Chaji inakwenda wapi

Chukua betri ya mAh 5000, ambayo ndiyo ya kawaida sasa. Kwa volti zake, karibu 3.85, inabeba nishati ya wati-saa kama 19. Simu iliyolala vizuri huchukua kama asilimia moja kwa saa, au pungufu. Ikiwa macho na kutumia wati moja tu, inachukua asilimia tano kwa saa. Kamera au tochi ikiingia, zidisha tena.

Watu huona taa ya kioo na kudhani hiyo ndiyo mla chaji mkuu. Mfukoni si lazima iwe hivyo: kuna giza, na simu yenye mwanga wa kujirekebisha hupunguza mwanga wake hadi karibu na mwisho. (Anayeweka mwanga hadi juu kwa mkono, kwa sababu ya jua la ufukweni, hana nafuu hiyo.) Hasara kubwa iko kwenye usingizi uliokatizwa. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015 kuna utaratibu uitwao Doze: simu ikitulia na kioo kikiwa kimezimwa, programu zote zinalazwa na kupewa nafasi fupifupi za kuamka pamoja, kuchukua ujumbe na kulala tena. Android 7.0 ya mwaka 2016 iliongeza usingizi mwepesi hata simu ikiwa mfukoni inatembea. Sharti la usingizi huo ni kioo kuzimika. Kioo kikiwaka, umekwisha papo hapo; kila programu iliyokuwa imezuiwa inaruhusiwa kukimbilia intaneti. Ni kama kumwita mtoto mmoja usiku kwenye chumba wanacholala sita. Kwa hiyo kioo kinachowaka sekunde kumi, mara mia mbili kwa siku, kinagharimu zaidi ya mwanga wa dakika zile thelathini na tatu. Na bando linaondoka kwa njia hiyo hiyo.

Tena kila mguso wa bahati mbaya unaanza upya kuhesabu muda wa kioo kuzimika. Aliyeweka dakika kumi ili asome vizuri amelipa paja lake dakika kumi kwa kila mguso.

Joto nalo linarudi kuiumiza betri. Apple huwaambia wateja wake kwamba mazingira ya zaidi ya nyuzi joto 35 yanaweza kupunguza uwezo wa betri moja kwa moja, bila kurudi. Mwili wa binadamu una nyuzi 37. Simu iliyo macho, inayofanya kazi, imebanwa kwenye ngozi na kufunikwa nguo, haina pa kutolea joto lake. Hivyo yule mama, aliyenunua betri nzima akidhani ya kwanza imekufa, alikuwa anaizeesha nayo.

Ziwani ni habari nyingine

Nisieleweke kwamba kila simu inayokwisha mfukoni imeguswa. Vijana wanaotoka jioni kuvua dagaa kwa taa huniletea simu zilizokwisha kabla ya alfajiri, na nikifungua ukurasa wa betri nakuta kioo kimewaka dakika chache tu. Hapo mla chaji ni mtandao. Simu isiyoona mnara haitulii. Inapekua masafa moja baada ya jingine, inapumzika kidogo, inaanza tena. Ikiupata mnara wa mbali hupaza nguvu: ya 2G inaweza kurusha hadi wati 2, ya 4G hufikia kama wati 0.2. Minara ya kawaida ya 2G ina ukomo wa kilomita 35 hata mbele yake kukiwa na maji matupu. Ukielekea kaskazini kwa boti kwenda Kagunga, milima ya Gombe inayopanda kutoka usawa wa ziwa, kama mita 770, hadi karibu mita 1,500, inaweza kusimama kati yako na mnara ingawa ramani inaonyesha uko karibu.

Dawa ya hapo ni hali ya ndege, ile ya kuzima mitandao yote, mkiwa mbali, na kuifungua kwa saa mlizokubaliana na walio nchi kavu. Naomba wavuvi walitilie maanani, maana ile simu ndiyo ya kuomba msaada upepo ukibadilika. Na mfuko wa plastiki mnaoifungia hauzuii mguso hata kidogo. Unazuia maji tu. Izimeni kabisa au iwekwe kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na mwili.

Kuna mambo mawili ya hatari kuliko chaji. Android ina namna ya kuiacha simu wazi ukishaifungua, bila kudai tena namba ya siri, inapohisi imebebwa mwilini. Kama uliwahi kuiwasha, izime leo, kwa sababu paja linakuwa na ruhusa zako zote. Lingine ni simu za dharura. Android 12 ya mwaka 2021 ilileta kupiga dharura kwa kubonyeza batani ya kuwashia mara tano, na kufikia Juni 2023 polisi wa Uingereza walikuwa wanalalamika hadharani kwamba laini yao ya 999 inajaa simu zilizojipiga. Kwetu namba ni 112, na kila simu ya mfukoni inayoingia pale inamchelewesha mtu mwenye shida. Mimi siizimi njia hiyo ya batani kwa mwanamke anayerudi usiku peke yake. Natafuta kwanza kama simu yake inaruhusu sekunde za kuhesabu kabla ya kupiga, na namwonyesha mahali pa kughairi.

Kwa simu ya mama wa Kibirizi nilianza na protekta: ukingo mweusi ulikuwa umekaa juu ya sensa sawasawa. Nikaitoa, nikasafisha, nikabandika isiyo na ukingo. Nikazima kugonga mara mbili, kuamka kwa kuinuliwa, na kamera ya batani. Nikazima kioo kuwaka ujumbe ukiingia, sauti nikaiacha. Muda wa kioo nikauweka sekunde thelathini, kinga ya mfukoni nikaiwasha. Kisha nikamwomba aitoe kifuani. Tulikubaliana na kipochi cha kitambaa kinene cha kufunga kiunoni juu ya kanga, kioo kikitazama nje. Wapo wanaopendelea kava la kufunika lenye sumaku. Simu yenye sensa ya sumaku huzima kioo kava likifungwa, na kifuniko kinazuia ngozi. Kwake kipochi kilikuwa rahisi zaidi.

Alirudi baada ya siku nne, saa kumi jioni, kununua chaja. Simu ilikuwa na asilimia hamsini na nane, baridi. Kioo kilikuwa kimewaka dakika arobaini, na hizo alizikumbuka mwenyewe: alikuwa ameongea na mwanawe kwa video. Nikamuuliza kama ile betri ya kwanza bado anayo. Alikuwa ameihifadhi kabatini. Aliileta kesho yake, nikaipima, ikakaa na chaji vizuri. Simu yake ni ya mgongo unaofunguka, kwa hiyo sasa siku ya gulio anaibeba ndani ya kifuko chake, mbali na sarafu, kama akiba.